Upumuaji wa Mimea: Haja ya Fasili Iliyo Wazi

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza watoto katika somo la sayansi ni neno "kupumua" linapotumiwa kwa mimea. Mtoto amelijua neno hili tangu nyumbani: kupumua ni kuvuta hewa na kuitoa, kifua kikipanda na kushuka. Aambiwapo kwamba mmea nao hupumua, huutazama asione kifua wala pua. Hapo hulishika jibu lililo karibu: binadamu huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na mmea hufanya kinyume chake. Jibu hilo hukaririwa katika madarasa mengi, nalo si sahihi.

Kinachoelezwa hapo ni usanisinuru, yaani kazi ya majani mabichi ya kutengeneza sukari kwa mwanga, maji na hewa ya ukaa. Upumuaji ni kazi nyingine. Ni kuitumia sukari hiyo ndani ya chembe hai, kwa kawaida pamoja na oksijeni, ili ipatikane nishati. Na hewa ya ukaa hutoka. Kazi hii hufanyika usiku na mchana, katika majani, shina, mizizi na mbegu. Mchana haitambulikani upesi kwa kuwa usanisinuru huizidi.

Wako watakaosema kwamba tofauti hii ni ndogo mno kwa shule ya msingi. Hatukubaliani nao. Wataalamu wa tabianchi hukadiria kwamba mimea ya nchi kavu huchukua hewani kiasi cha tani bilioni 120 za kaboni kila mwaka, na karibu nusu yake huirudisha kwa kupumua. Kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa kiasi cha tani bilioni 10. Katika hesabu kubwa namna hiyo, neno lenye maana mbili huleta hasara. Hewa ya ukaa itokayo katika udongo wa shamba hutokana na mizizi iliyo hai, na pia bakteria na kuvu wanaoozesha majani makavu. Mtaalamu mmoja akiiita yote "upumuaji wa udongo", na mwingine akaitia mizizi katika "upumuaji wa mimea", kaboni ya mizizi itahesabiwa mara mbili. Ndiyo maana orodha ya majina sanifu ya data za tabianchi, iitwayo CF, hueleza kwamba upumuaji wa mimea hujumlisha sehemu zilizo juu ya udongo na zilizo chini yake. Upumuaji wa viumbe viozeshao umewekwa chini ya jina jingine.

Nasi darasani tufuate njia hiyo. Fasili yetu ijibu maswali manne: ni kiumbe gani kinachopumua, kwa sehemu zipi, wakati gani, na kitu gani hutumika na kutoka.

Kisha tuithibitishe kwa jaribio. Maharage yaliyoanza kuota yatiwe katika chupa pamoja na kikombe kidogo cha maji safi ya chokaa, chupa ifungwe na kuwekwa gizani. Maji yale yatageuka meupe kama maziwa. Chupa ya pili itiwe maharage yaliyochemshwa, lakini kwanza yaoshwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Yasipooshwa yataoza, vijidudu vitatoa hewa ya ukaa, na watoto watadhani kwamba mbegu iliyokufa hupumua. Mwalimu aliyejiuliza mapema ni kiumbe gani kinachopumua ataiona hatari hiyo kabla ya kipindi.

Kwa hiyo twawashauri walimu wanafunzi waandike fasili kamili ya neno hili katika andalio la somo, wala wasiiachie ije yenyewe ubaoni. Mtoto akijifunza maana potofu leo, mwalimu wa sekondari atalazimika kuing'oa kwanza ndipo apande nyingine.