MEZA YA MNINGA USIIUZE KISA DOA!

Wiki hii tunaingia sebuleni, maana kuna watu wanatupa mali wakidhani wanatupa takataka.

Mshikaji wangu mmoja wa Mtaa wa Swahili, Kariakoo, kaoa juzi juzi tu na tayari ndani hakukaliki. Chanzo si nyumba ndogo wala mawifi. Ni meza ya kulia chakula! Mkewe alikuja nayo kutoka kwao. Marehemu mama yake aliichongesha Keko, mninga mtupu. Sufuria ya wali imetoka motoni ikatua juu yake, duara jeupe hilo. Ule mpira wa maua tunaotandika mezani nao, kwa joto la Dar, ukagandana na vanishi, na ulipovutwa ukaondoka na ngozi. Meza ikawa kama ina mapunye. Bwana akasema iuzwe, na mnunuzi wa mitumba akataja bei ya kutupa. Bibie kilio.

Nikawaambia, shemeji, tulia kwanza. Kama meza ni kimeo, mbona yule jamaa anaing'ang'ania? Anajua mninga haupindi ovyo na mchwa hawauwezi. Nyingi kati ya hizo mpya zinazong'aa ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Zikiingiwa na maji zinavimba kama andazi, na hapo hakuna fundi.

Siri ni hii: angalia rangi ya doa. Likiwa jeupe, ni unyevu umenaswa kwenye vanishi, mbao iko salama. Tandika kitambaa kikavu cha pamba, pitisha pasi ya vuguvugu isiyo na mvuke kwa sekunde chache, inua, angalia, rudia. Likigoma, lowesha kitambaa spiriti kidogo sana, pangusa harakaharaka bila kukandamiza. Ukizidisha, vanishi yenyewe inayeyuka, kwa hiyo jaribu kwanza chini ya meza. La shemeji lilitoka kwa pasi tu!

Likiwa jeusi, maji yamefika kwenye mbao. Hapo ni msasa, kama ilivyo kwa vanishi iliyobanduka. Anza na namba 120, kisha 180, malizia na 220, siku zote ukifuata nyuzi za mbao. Futa vumbi lote, halafu paka vanishi nyembamba mikono mitatu, kila mkono ukikauka unapitisha msasa laini. Ila kama juu ni plaiwudi, taratibu bwana, ile ngozi ni nyembamba, utaitoboa. Shemeji alikuwa na doa jeusi moja pembeni, akakataa lisiguswe. Ndipo mama alipokuwa akiweka birika lake. Mshikaji akanywea, habari ya kuuza ikaishia hapo.

Sasa angalizo. Usipake vanishi siku ya mvua, hasa masika ya Machi mpaka Mei. Ile inayokauka haraka inanasa unyevu na kutoka na ukungu mweupe, kazi bure. Na sisi wapangaji wa chumba na uani tunaopika milangoni, hapa ndipo penye noma: thina na jiko la mkaa havikai pamoja. Mvuke wake hauuoni, unatambaa chini mpaka kwenye moto, na moto unarudi mpaka kwenye kopo. Zima majiko yote, ya jirani pia, fungua madirisha, watoto wakacheze mbali.

Meza ikishapona, mpira wa maua uache kabisa, sufuria itue kwenye kimkeka cha ukili. Vinauzwa hapo hapo Kariakoo, na bei yake haifikii hata kopo la vanishi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!