Kuhama nchi katikati ya mwaka: Mzigo umevuka, kodi imebaki nyuma

Mfanyabiashara wa mahindi anayehamisha ghala lake kutoka Nairobi kwenda Kampala Agosti mosi yuko ndani ya haki yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kufungua biashara katika nchi nyingine ya Jumuiya. Mahindi yake yakiwa na cheti cha asili hayatozwi ushuru wa forodha, na pale Busia au Malaba hukaguliwa katika kituo kimoja. Forodha imejifunza kuishi kijumuiya. Kodi ya mapato bado.

Ugumu unaanzia kwenye kalenda. Kenya huhesabu mwaka wa kodi kuanzia Januari hadi Desemba, na mtu binafsi hupeleka marejesho yake kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Tanzania nayo hufuata Januari hadi Desemba. Uganda huanza mwaka wake Julai 1 na kuumaliza Juni 30. Anayehama kati ya Nairobi na Kampala hawezi kuufunga mwaka mmoja na kufungua mwingine siku hiyo hiyo.

Linalofuata ni suala la ukaazi. Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zinakaribiana sana hapa. Mkaazi ni mwenye makao ya kudumu nchini na aliyekuwapo hata kwa muda mfupi mwaka huo. Asiye na makao huhesabiwa mkaazi akifikisha siku 183. Asipofikisha, huangaliwa wastani: kama kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia alikuwapo zaidi ya siku 122 kwa mwaka, bado ni mkaazi.

Tuseme mfanyabiashara huyo amerudisha nyumba ya kupanga Nairobi na kubakiza kibanda kimoja sokoni kinachoangaliwa na mpwa wake. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Julai amekaa Kenya siku 212, kwa hiyo ni mkaazi wa Kenya. Kuanzia Agosti hadi Juni atakaa Uganda siku 334, kwa hiyo ni mkaazi wa Uganda. Siku 153 za Agosti hadi Desemba zimo katika madai ya nchi zote mbili. Tena sheria ya Kenya husema biashara ya mkaazi inayofanyika kwa sehemu nchini na kwa sehemu nje huhesabiwa faida yake yote kuwa imetoka Kenya. Faida ya ghala la Kampala inaweza kudaiwa huku na kule.

Wengi hudhani mambo huisha Januari. Mwaka wa pili akirudi Kenya kwa siku 20 tu kuangalia kibanda, hesabu ni 20, 212 na 365, wastani wake siku 199. Bado ni mkaazi. Ni mwaka wa tatu, akirudi tena siku 20, ndipo wastani unashuka hadi 84 na Kenya inamwachia.

Haikuwa hivi siku zote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia sheria moja ya kodi ya mapato. Kila nchi ilipotunga yake, hakikubaki chombo cha kuamua nani ampishe nani. Marekani, ambako majimbo mengi yana kodi yao ya mapato, anayehama katikati ya mwaka hujaza fomu ya mkaazi wa sehemu ya mwaka katika kila jimbo linalotoza, na mapato hugawanywa kwa tarehe ya kuhama. Jumuiya haina utaratibu wa namna hiyo.

Dawa iliandikwa zamani. Mwaka 2010 nchi tano za Jumuiya zilitia saini mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, ambao unaeleza jinsi ya kuamua mtu ni mkaazi wa nchi ipi pale mbili zinapomdai. Lakini lazima wote waliosaini waridhie, na kwa kuwa hilo halijakamilika, mkataba haujaanza kufanya kazi.

Mpaka hapo, mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mlipakodi. Kati ya Kenya, Uganda na Rwanda wengi huvuka kwa kitambulisho cha taifa, bila muhuri wa pasi. Ni urahisi mkubwa mpakani, lakini mwaka ukiisha siku hizo ni ngumu kuzihesabu. Daftari la tarehe za kuvuka, barua ya kurudisha nyumba, mkataba wa pango la ghala jipya, vitabu vya hesabu tofauti kwa kila duka na risiti za kodi iliyolipwa kila upande ndivyo vitakavyomsemea mbele ya afisa. PIN ya Kenya nayo isitelekezwe. Mfumo huendelea kungoja marejesho, na adhabu ya mtu binafsi anayechelewa ni asilimia 5 ya kodi anayodaiwa au Sh2,000, kiasi kilicho kikubwa.

Kwa mwenye mtaji mdogo, kodi ya pili juu ya faida ile ile hula fedha za kununulia mzigo unaofuata. Anayeona hivyo hurudi kuvuka kimyakimya, bila kusajili biashara popote, na hapo nchi zote mbili hukosa kodi yake.