Vijisanduku kwenye vitabu-pepe

Mhariri,

Msomaji akifungua kitabu-pepe akakuta vijisanduku vitupu mahali pa maneno, hudhani kifaa kimekufa. Mara nyingi kifaa ni kizima. Herufi zimo ndani ya faili. Kinachokosekana ni fonti yenye maumbo yake.

Tenzi zetu zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu ndizo huumia zaidi. Fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiarabu pekee yaweza kukosa herufi za sauti p, ch na v, ambazo Kiarabu sanifu hakina, basi neno likatoboka katikati kama jino lililong'oka.

Kabla ya kumtafuta fundi, fungua menyu ya fonti uchague ile ya mchapishaji, kwa sababu fonti unayojichagulia hufunika iliyopachikwa kitabuni. Ikiwa kitabu hakina fonti yake, na kifaa chako ni Kobo, kiunganishe na kompyuta, tengeneza folda iitwayo fonts, weka humo Noto Naskh Arabic, ambayo ni ya bure, kisha ichague.

Lakini kwa nini mzigo huu aubebe msomaji aliyekwisha kulipa? Muundo wa vitabu-pepe wa EPUB unaruhusu fonti kupachikwa kitabuni. Wapo wachapishaji wanaokagua kazi kwenye kompyuta zao tu, ambazo zimejaa fonti, kwa hiyo kasoro hawaioni. Nawaomba wapachike fonti, na kabla ya kuuza wakisome kitabu kizima kwenye kifaa kile kile atakachokishika mnunuzi.

Msomaji wenu,
Mombasa