Kikundi kinataka pikapu ya mazao? Tazama uzito na breki kwanza, injini baadaye



Bei ya viazi ikichangamka kidogo, swali ninaloletewa zaidi na vikundi haliwi la mbegu wala la baka jani. Linakuwa hili: "Bwana shamba, tununue pikapu gani?" Na mabishano yote yanaishia kwenye injini. Mmoja anataka Land Cruiser "mkonga" yenye 1HZ, mwingine anasema Hilux ya turbo ndo gari, wa tatu ameona kirikuu inauzwa rahisi Mbeya mjini.

Mimi sio fundi magari, diploma yangu ni ya kilimo. Lakini hela ya gari inatoka kwenye mazao, na wanaopanda juu ya magunia ni watu ninaowatembelea mashambani. Kwa hiyo nina msimamo: huku kwetu gari la mazao lichaguliwe kwa uzito linaloruhusiwa kubeba na kuvuta, na kwa breki za kushukia mlima. Injini ifuate baada ya hapo. Na nitasema jambo ambalo wengi hawatalipenda: vikundi vingi havihitaji kununua pikapu kwa sasa.

Anza na hesabu ya gunia

Chukua kadi ya gari unalotaka kununua. Kuna uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa jumla linaporuhusiwa kutembea na mzigo. Toa mdogo kwenye mkubwa. Jibu unalopata ndo uwezo wa gari, na ndani yake wamo dereva na abiria.

Pikapu ya kawaida kama Hilux inabeba kama tani moja. Dabo kebini mara nyingi inapungua hapo, kwa sababu kebini yenyewe imekula uzito. Sasa weka dereva na vijana watatu wa kupakia, kila mmoja kilo 70. Hizo ni kilo 280. Umebakiwa na kilo 720, yaani gunia saba za kilo 100. Ukifunga lumbesa ya kilo 130, ni gunia tano tu. Saba au tano, kwa gari ambalo tumezoea kuliona limejaa hadi juu ya kebini na watu wamekaa kileleni.

Kirikuu ndo usiseme. Zile ndogo zenye injini ya cc 660 zilitengenezwa Japani kwa sheria ya huko ya mzigo usiozidi kilo 350. Ni gunia tatu na dereva wake. Kwa nyanya za kutoa shambani hadi barabarani, au mboga za kupeleka soko la karibu, ni gari zuri sana na halili mafuta. Kwa viazi vya kushusha milimani ni hatari.

Lumbesa tumeizoea kuipigia kelele kwa sababu inamwibia mkulima, na ni kweli inamwibia. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanalisimamia hilo. Lakini lumbesa inaua pia breki na springi. Dereva anahesabu magunia, hahesabu kilo. Anakwambia "nimebeba kumi tu", kumbe ana tani moja na kilo mia tatu.

Na usitegemee mizani ikuokoe. Mizani za Wenda, Makambako na Mpemba zinapima magari ya kuanzia tani tatu na nusu. Pikapu nyingi ziko chini ya hapo, zinapita pembeni. Fuso la tajiri linapimwa, pikapu yako haipimwi na mtu. Askari wa kukupima ni wewe mwenyewe.

Tela halina miujiza

Ukishaona mzigo hautoshi, wazo linalofuata ni tela. Nimeona vikundi vinachomelesha tela mtaani kwa ekseli ya gari lililokufa, halafu wanasema gari "linavuta tani tatu na nusu, imeandikwa kwenye mtandao".

Imeandikwa kweli. Hilux nyingi za dizeli za miaka ya karibuni na Land Cruiser zimepewa kuvuta hadi kilo 3,500. Lakini namba hiyo ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kiwango cha kawaida kwa pikapu hizi ni kilo 750, na hapo uzito wa tela wenyewe umo ndani. Tela la chuma la kuchomelea likiwa na kilo 350, umebakiwa na kilo 400. Gunia nne. Na sehemu ya uzito wa tela inaegemea nyuma ya pikapu, hivyo inakula tena kwenye ile tani moja ya juu.

Injini itavuta zaidi ya hapo, wala sibishi. Shida haiko kwenye kupanda. Gari likishindwa kupanda linasimama tu, mnashusha magunia. Shida ni kushuka, pale Kitonga ukielekea Ruaha Mbuyuni, au Iwambi ukishuka Mbalizi. Tela lisilo na breki linakusukuma kwa nyuma, na kwenye kona linataka kulipita gari. Breki za pikapu zinabeba kazi ya magari mawili, zinachemka, na zikishachemka unakanyaga hadi chini bila kitu.

Ile kanuni ya madereva wa zamani bado ni ya kweli: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Iweke kabla ya kuingia mteremko, usisubiri gari liwe limeshachanganya. Kama mzigo ni mkubwa kiasi kwamba hata gia nzito haishikilii gari, basi ulizidisha tangu shambani.

Injini na milima yetu

Haya, sasa injini. Huku kuna jambo ambalo wa Dar es Salaam hana haja nalo, nalo ni mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. 1HZ, ile ya lita 4.2 ambayo ipo tangu 1990, ina nguvu farasi karibu 130 kwenye usawa wa bahari. Ukifika Kitulo, kwenye mita kama 2,600, unaendesha gari la nguvu farasi chini ya 100. Injini ya turbo inajisukumia hewa, kwa hiyo haipungui kiasi hicho. Ndo maana Hilux ya lita 2.4 ya turbo inaweza kuiacha mkonga kwenye mlima wa Isyonje na watu wakashangaa.

Baadhi ya watengenezaji wameandika kwenye vitabu vya magari yao kwamba ukipita mita 1,000, punguza asilimia 10 ya uzito wa gari na tela kwa kila mita 1,000 zinazoongezeka. Mbeya mjini peke yake ni kama mita 1,700. Zile namba za kuvuta unazosoma hazikupimwa Kikondo.

Kwa hiyo turbo imeshinda? Kwenye mlima, ndiyo. Kwenye kidumu cha dizeli, hapana. Injini hizi mpya zinapuliza mafuta kwa presha kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu madogo sana. Maji kidogo au uchafu wa kidumu ukiingia, umenunua nozeli nne, na hiyo hela inatosha pembejeo za msimu. 1HZ ina pampu ya zamani inayovumilia mengi, na fundi wa Makambako anaifungua akiwa amefumba macho. Ninachowaambia watu ni hivi: kama mnapata dizeli ya kituo na mko tayari kubadili chujio kwa wakati na kumwaga maji kwenye chujio, chukueni turbo. Kama mafuta yenu yanakuja kwa madumu juu ya bodaboda, bakini na injini ya zamani na mpunguze mzigo.

Na hiyo biashara ya umeme?

Vijana wananiuliza kama wasubiri pikapu za umeme. Dunia inabadilika kweli. Ethiopia, jirani zetu hapa Afrika Mashariki, walizuia mwaka 2024 kuingiza magari ya petroli na dizeli. Uingereza wamepanga magari mapya madogo ya petroli na dizeli yasiuzwe kuanzia 2030. Toyota wameacha ile V8 ya dizeli kwenye Land Cruiser za kazi na kuweka ya silinda nne, lita 2.8 ya turbo. Sisi tunanunua yaliyotumika, kwa hiyo wanachoacha kununua wenzetu leo, baada ya miaka kumi hatutakiona bandarini.

Toyota walionyesha Hilux mpya mwaka 2025, na ipo ya umeme. Itazame kwa jicho la mkulima: inabeba kama kilo 715 na kuvuta kilo 1,600, wakati ya dizeli inabeba tani moja na kuvuta 3,500. Betri imekula mzigo. Kwa gari la viazi, bado.

Ila sio jambo la kucheka. Gari la umeme likishuka mlima, mota inashika gari na kurudisha chaji kwenye betri. Sasa fikiria: sisi wa Isyonje tunashuka Uyole na mzigo, tunapanda watupu. Kwa safari ya namna hiyo, mlima unaoua breki zetu ungekuwa unatujazia betri. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limeshaanza kuzalisha, kwa hiyo umeme nchini upo. Kilichobaki ni bei, fundi, na nguzo kufika vitongojini. Naona pikipiki na bajaji za mizigo zitatangulia, pikapu itafuata baadaye sana.

Ushauri wangu kwa kikundi

Tuseme mna gunia 40, tani nne. Kwa pikapu ni safari sita mkizingatia uzito. Canter moja ya kukodi inamaliza kwa safari moja au mbili, na baada ya msimu haikai nyumbani ikisubiri bima na tairi. Kama hamna mzigo wa kulifanyisha gari kazi mwaka mzima, kodini, na hela ya kununulia gari iwekeni kwenye ghala la viazi vya mbegu. Ghala linawapa nguvu ya kumwambia dalali "subiri", ambayo pikapu haiwapi.

Kama mna kazi ya mwaka mzima, nunueni singo kebini, sio dabo. Kabla ya kulipa, mpelekeni fundi akague breki zote nne na chesisi, sio kusikiliza mlio wa injini tu. Andikeni kwa rangi ubavuni idadi ya gunia za kilo 100, kila mtu aione. Tela bila breki, likae shambani. Na mtu asikae juu ya magunia, hata kama ni mwenyekiti.

Dereva atawaambia gari linaweza zaidi. Mwambieni analiendesha yeye, lakini mzigo na watu ni wa kikundi.