Daftari la wiki: Gemu inayokwama

Mpwa wangu anaandika gemu yake ya kwanza kwa Python na Pygame: bodaboda anakwepa mashimo barabarani. Inakwamakwama. Ushauri aliopewa na kila mtu ni anunue kompyuta mpya. Ugonjwa huu wa kununua kabla ya kuchunguza nimeshaulalamikia hapa, na sijachoka.

Tufungue programu yenyewe. Kitanzi kikuu huchora kila kitu upya, na ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina kama milisekunde 16.7 tu za kusoma vitufe, kusogeza vitu, kukagua migongano na kuchora. Humo humo kijana aliweka amri ya kusoma picha ya pikipiki kutoka kwenye diski. Faili lile lile, kila fremu! Ni mama ntilie anayekwenda sokoni kununua mchele kwa kila sahani anayopakua. Mstari ule ukahamishwa juu ya kitanzi, pamoja na ule wa kuunda fonti ya alama, na picha ikapitishwa kwenye convert_alpha ili iwe katika muundo unaochoreka haraka. Pikipiki ikaanza kuteleza.

Kwa dakika chache tu. Mashimo yaliyokwisha kutoka kwenye skrini hayakuwa yakifutwa kwenye orodha, kwa hiyo gemu iliendelea kuyasogeza na kuyakagua yote, yakizidi kuongezeka. Ndiyo maana ilianza vizuri, kisha ikazubaa kadiri unavyocheza.

Na amri ya print ndani ya kitanzi, ikitoa maandishi kila fremu? Jamani.

Mashine kuelemewa na vitu vingi si jambo jipya. Mwaka 1978, Tomohiro Nishikado wa Japani alitengeneza gemu ya Space Invaders. Mashine ilikuwa dhaifu. Wavamizi walipopungua ilipata nafuu, na waliobaki wakaenda mbio zaidi. Akaacha hivyo hivyo, na wachezaji wakapenda.

Kwa mpwa wangu, mwendo kufuata nguvu ya mashine ni kasoro: pikipiki inayosogea pikseli 5 kwa kila fremu hupoteza nusu ya mwendo fremu zikishuka kutoka 60 hadi 30. Zidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia.

Wakufunzi wa video mtandaoni wanaonyesha pa kuandika, pa kupima hawaonyeshi. Inaudhi.

Wazazi, kabla ya kutoa hela ya kompyuta, mwambieni kijana aendeshe cProfile aone muda unaishia wapi. Inakuja na Python yenyewe, bure.