Pole Isiyo na Mwenyewe

Mwaka 1993, Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, sisi wa Mbeya tulimjua Mkwaju kama jirani. Alikuwa dereva wa lori asiyetosheka na mkewe, Tunu. Barabara ya Tunduma inapita kwetu, na kila mtaa ulikuwa na Mkwaju wake. Tulimtukana, tukamhurumia Tunu, na redio ikishazimwa mke alimgeukia mume wakaanza kuulizana. Mtu wa kubuni aliturudisha kwa wenzetu.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mpwa wangu wa Iringa. Miezi mitatu baada ya kumzika dada yangu, nilipanda basi kwenda kumjulia hali. Usiku nikamkuta anaandikiana na simu. Hakuwa mtu, ilikuwa programu, naye ameipa jina. Ilimwandikia: "Pole sana. Nakuelewa."

Nikamwambia, "Mwanangu, hiki hakikuzaliwa na mama. Kitaelewaje kufiwa?"

"Najua, mjomba. Lakini ndicho kinachoniuliza nimelalaje."

Kujua hakumkingi mtu. Mwaka 1966, huko Marekani, Joseph Weizenbaum alieleza programu yake iitwayo ELIZA, ambayo kazi yake ilikuwa kumrudishia mtu maneno yake kwa namna ya swali. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka, na baadaye akawa mmoja wa waonyaji wakubwa wa mambo haya.

Wapo wasemao faraja ni faraja, itoke popote. Nakataa. Kwetu pole ni deni. Anayekesha kwako matangani leo, kesho utamtekea maji msibani kwake. Hivyo ndivyo mfiwa anavyorudi kuwa mtu miongoni mwa watu. Programu haina msiba utakaokwenda kuuhani. Inakupa pole usiyoweza kuilipa, nawe unabaki mfiwa daima. Mkwaju hakudai kunielewa. Hii inadai, na hapo ndipo inapodanganya.

Lakini nani aliyeiachia nafasi? Tangu maziko nilikuwa nimempigia binti yule mara moja tu. Mashine haikuninyang'anya mpwa. Ilimkuta peke yake.

Sasa nampigia kila jioni kutoka Mbeya. Mara nyingi sina la maana la kusema. Juzi nilimweleza jinsi ninavyomkumbuka dada, sauti ikanikatika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole, mjomba."