SHAMBA NA JAMAA: Urea yetu inapotelea wapi?



Mvula ikikaza, katika miji yetu ya migodi malalamiko ni yaleyale: "Tumenunua urea bei kali, tumeitupa shambani, na mahindi inabaki manjano tu. Wachuuzi wanatudanganya?" Mara nyingi mchuuzi hana kosa. Chakula kilikuwa ndani ya mfuko, lakini kilikimbia mbele ya kufika kwenye mizizi. Na feza ya mfuko ule ingeweza kulipa masomo ya mtoto. Basi tuone kinakimbilia njia gani.

Chakula kile kinaitwa azoti. Ikikosa, majani ya chini ya mahindi yanaanza kuwa manjano toka kwenye ncha. Hewa tunayovuta, karibu sehemu 78 kwa 100 ni azoti, lakini mahindi hayawezi kuila namna ile: ni sawa kulala njaa mbele ya ghala lililofungwa. Maharagi, karanga na soya zina rafiki, ni vijidudu vinavyokaa katika vinundu vya mizizi yao, ndivyo vinavyofungua ghala. Mahindi hayana rafiki huyo. Yanangojea azoti ya udongo, na mizizi inaipokea hasa kwa sura mbili: amoniumu na nitrati.

Amoniumu ni mtu wa nyumbani. Mfinyanzi na mboji vinaishika, sawa sumaku inavyoshika msumari. Haiendi mbali, ni mzizi unaoifuata. Nitrati ni msafiri. Udongo hauishiki, inatembea pamoja na maji. Maji yakienda kwenye mzizi, nayo inafika upesi. Mvula kubwa ikishuka chini, inashuka nayo mpaka mahali mzizi haufiki. Na kila siku, udongo ukiwa na joto, hewa na unyevu, vijidudu vingine vinageuza amoniumu kuwa nitrati.

Sasa urea. Ina azoti 46 kwa 100, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za azoti. Lakini sehemu kubwa yake lazima igeuke kwanza. Ikipata unyevu, kwa siku chache inakuwa amoniumu, kisha nitrati. Njiani wezi wawili wanangoja.

Mwizi wa kwanza ni hewa. Urea ikibaki juu ya udongo wenye unyevu, na jua likiwaka, sehemu yake inageuka mvuke wa amonia, ule unaonuka kama mkojo wa zamani, na inaruka. Wengine wanamfungulia mwizi huyu mlango: wanachanganya urea na majivu. Majivu ni mazuri kwa udongo mkali, lakini yakikutana na urea yanaongeza mvuke ule. Msivichanganye hata kidogo. Majivu au chokaa iingie shambani wiki kadhaa mbele ya kupanda.

Mwizi wa pili ni maji. Kwetu Katanga mvula inaanguka hasa kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 3. Ukitupa mfuko wote siku moja, mahindi yakiwa bado na mizizi mifupi, mvula inabeba nitrati chini na huwezi kuifuata.

Dawa yao ni nini? Palilia kwanza, ili usilishe majani. Gawanya urea mara mbili: nusu mahindi yakiwa na wiki 3 au 4, nusu yakifika magoti na kupita kidogo, mbele ya kutoa maua. Chimba kashimo ka urefu wa kidole kando ya shina, tia, fukia. Isiguse shina wala mbegu, inaunguza.

Kuna azoti ya bure pia. Mwaka 1958, mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi Kenya, aliandika kwamba udongo uliokauka sana ukilowa tena, vijidudu vinaamka kwa nguvu na kutoa azoti mingi kwa muda mfupi. Kipwa chetu ni kirefu, kwa hiyo mvula za kwanza zinatuletea zawadi ile. Anayepanda mapema, mvula ikishasimama vizuri, mizizi yake inaikuta. Anayechelewa mwezi mzima anakuta nyingi yake imeshuka.

Tena neno moja juu ya udongo mkali. Mzizi ukipokea amoniumu, unaachia ukali katika udongo. Ukipokea nitrati, unapunguza ukali. Lakini nitrati ikibebwa na mvula, ukali unabaki. Udongo wetu mwekundu mara nyingi uko mkali tayari. Ukitia urea peke yake mwaka kwa mwaka, bila chokaa wala samadi, shamba linachoka na bukari inapunguka mezani. Mwaka mmoja mahindi, mwaka mwingine maharagi ao karanga: hii inasaidia udongo na inasaidia mfuko wako.

Vijana, jaribuni wenyewe. Twaeni chupa mbili, mtie udongo wenye unyevu nusu chupa. Katika moja wekeni kijiko cha urea juu tu. Katika nyingine kifukieni chini kabisa. Mzifunge. Nyuma ya siku 3 mzifungue mbali na uso, mkivuta harufu kidogo kwa kupunga mkono. Mtajua feza ya baba inaruka namna gani, kisha mwonyesheni.

Mungu ndiye anatoa mvula. Saa ya kutia mbolea ametuachia sisi. Mwezi ujao, akipenda, tutaongea juu ya samadi ya kuku.